Kupaka upya kabati la zamani: jua kwanza ni rangi gani iko juu yake

Juzi nilikuwa Igoma, hapa Mwanza, kwa mama mdogo, tumeshinda siku mbili na kabati lake la vyombo, mninga mtupu, alipewa alipoolewa. Kuna mtu alikuwa keshamshawishi aliuze achukue la MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) dukani. Jamani msiuze mninga! MDF ikinywa maji inavimba na habari yake imeisha, mninga ukiukwangua unakuta mbao chini bado nzima na rangi yake ileile. Naandika tulivyofanya maana watu wananiuliza sana hii kitu.

1. Toa droo, vitasa na bawaba, skrubu zote kwenye kopo moja.

2. Osha kwa sabuni ya unga na kitambaa kilichokamuliwa, usimwagie maji. Likikauka futa lote na tapentaini, hasa kama mmekuwa mnapuliza ile polishi ya fanicha ya kopo, nyingi zina silikoni, rangi ikija juu yake inakimbia inaacha vishimo vya duara kama macho ya dagaa. Fanya hivi KABLA ya msasa, ukianza na msasa unaisukuma polishi ndani ya mbao.

3. Jaribu rangi ya zamani. Hapa ndo naomba usome taratibu. Miaka ya nyuma nilipaka meza ya mama yangu, ilikuwa na rangi ya mafuta, mi nikapiga msasa juu juu nikapaka NC (ile ya nitroselulosi) kwasababu inakauka haraka na wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Dakika chache tu uso wote ukakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nililala saa nane usiku nikikwangua, na kesho yake nikakwangua tena mpaka jioni, wageni wamekula mkekani.

Sababu ni hii. NC inakauka kwa tina (thinner, kile kimiminika cha kuilainisha) kuruka tu, na tina yake ni kali. Rangi ya mafuta yenyewe inakauka kwa kuvuta hewa, taratibu, sasa ile tina kali ikiingia ndani yake inaivimbisha, inainuka kutoka kwenye mbao. Kwaiyo mafuta juu ya NC inakaa ukipiga msasa vizuri, ila NC juu ya mafuta HAPANA, hata kama rangi ina miaka kumi, hata fundi akikwambia yeye huwa anafanya.

Kujaribu: tafuta sehemu isiyoonekana, nyuma ya mguu au chini ya rafu. Chukua pamba yenye spiriti, bonyeza nusu dakika. Ikinata na kuyeyuka hiyo ni polishi ya zamani ya shelaki. Kama haijafanya kitu chukua pamba nyingine yenye tina. Ikiyeyuka ikafutika laini kwenye pamba, ni NC. Ikikunjamana na kuinuka kama ngozi, ni mafuta. Isipofanya lolote basi ni zile ngumu za kuchanganya na hadina (hardener, dawa ya kuigandisha), hapo we piga msasa ikwaruzike vizuri upake mafuta juu.

Na usijaribu sehemu moja ukaridhika. Kabati la mama mdogo milango ilikuwa NC, ila ubavuni mtu alishawahi kurekebisha akapaka mafuta, rangi kwa macho ni moja kabisa. Kwaruza kidogo na wembe uone tabaka ziko ngapi. Kama huelewi unachokiona paka ya mafuta, ndo salama zaidi. Sisi tulikwangua ubavu wote mpaka mbao.

4. Msasa. Namba 80 palipoharibika tu, kisha 120, umalizie 180 au 220, ukifuata mistari ya mbao. Mi sipendi grenda kwenye fanicha, inaacha alama za duara ambazo huzioni mpaka vanishi iguse, na hapo umechelewa. Kata kipande cha kandambili kuukuu, zungushia msasa, kinatosha sana. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Na kama ni rangi ya miaka mingi inaweza kuwa na madini ya risasi, kwaiyo tumia msasa wa maji, watoto wakae mbali, na lile tope usimwage uani wanapochezea.

5. Mashimo ziba kwa vumbi la msasa la mbao ileile, lichanganye na sanding sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi). Wengi wanachanganya na gundi nyeupe, kwa rangi inayofunika mbao sawa, ila kwa vanishi gundi hainywi, patabaki doa.

6. Kupaka. Kwa nyumbani brashi ya inchi 2 na vanishi ya mafuta, kompresa ya kukodi ya nini. Mkono wa kwanza punguza na tapentaini kidogo, acha ilale usiku, msasa 320 kwa wepesi, futa vumbi, rudia mara mbili. Kwa hapa Mwanza paka kuanzia saa nne asubuhi mpaka kama saa tisa, kivulini. Jioni usithubutu, wale wadudu wadogo wanatoka ziwani kama moshi, ukiwasha taa wanajaa wote kwenye vanishi yako na hawatoki bila msasa. Na kama umeamua NC, siku ya mvua iache, tina ikiruka haraka inapoza uso, unyevu wa hewani unatua pale na kabati linakuwa na weupe kama ukungu.

7. Vanishi ya mafuta ukiigusa utaona imekauka kumbe ndani bado laini. Vyombo vya mama mdogo viko kwenye mabeseni chini ya kitanda, nimemwomba avumilie wiki nzima, na vile vitambaa vyake vya kufuma viingie mwisho kabisa, maana vikilala juu ya vanishi mbichi vinachora kila uzi wake.