Jinsi ya Kupima Kama Mwewe na Tai Ndio Wanaopunguza Kanga na Kwale

Kanga na kwale wanapoadimika katika vijiji vya Chamwino, Bahi au Kongwa mkoani Dodoma, wa kwanza kutiwa hatiani ni mwewe, kwa kuwa yeye huonekana mchana kweupe akiondoka na kifaranga, ilhali kenge aliyemaliza mayai ya kiota kizima kichakani hakuonwa na mtu. Kwamba ndege hawa wala nyama hula kanga si jambo la kubishaniwa. La kupima ni kama kanga walioliwa wangekuwa hai bado mvua zinapoanza Desemba na kuatamia mayai, au wangekufa kiangazi kwa njaa, kiu na magonjwa hata kama tai asingewagusa.

Anza kwa kutenganisha watuhumiwa, kwa sababu wengi wetu humwita mwewe kila ndege mwenye kucha zilizopinda. Mwewe mwenyewe, ambaye mkia wake una panda, huokota mizoga, mabaki ya jalalani, panzi na kumbikumbi. Kifaranga aliye wazi atamchukua, lakini kanga mzima humshinda. Tai mweusi wa kwenye majabali hutegemea zaidi pimbi. Wanaostahili kuandikwa daftarini ni tai mkubwa wa nyika, mwenye kichwa na koo la kahawia iliyokoza na tumbo jeupe lenye madoa, pamoja na tai mdogo zaidi mwenye mgongo mweusi na kifua cheupe chenye michirizi, ambaye mara nyingi huwinda akiwa na mwenzake na ndiye hatari hasa kwa kwale. Hata hao si wengi. Tai mkubwa wa nyika hutaga yai moja tu, mara nyingi huruka mwaka bila kuzaa, na tangu 2020 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kuhesabu kufanyike mara mbili kwa mwaka, mahali palepale na saa ileile. Mwishoni mwa kiangazi, kati ya Septemba na Novemba, kaa mbali na lambo ukiwa na darubini tangu alfajiri, kwani makundi ya kanga hulazimika kufuata maji. Rudia mwezi wa Mei, safari hii ukitenganisha wakubwa na wadogo, ambao kichwa chao hakijaota pembe ndefu. Kwale hawapendi kujitokeza. Wahesabu kwa sauti zao za alfajiri ukipita njia moja isiyobadilika. Hesabu ya siku moja haina uzito, kwa hiyo rudia asubuhi kadhaa, kisha ulinganishe miaka.

Mwezi wa Mei ukipata wakubwa wengi lakini wadogo wachache, tatizo liko kwenye viota na malezi, na hapo tai awe wa mwisho kuulizwa. Tazama kwanza nguchiro, kenge, mbwa wanaozurura, watu wanaookota mayai, na mashamba yaliyonyunyiziwa dawa hadi hayana wadudu, kwani kifaranga cha kanga huishi kwa wadudu wiki zake za mwanzo. Ikiwa wadogo walikuwa wengi Mei na kundi limeyeyuka kufikia Novemba, ndipo utafute mizoga.

Okota manyoya marefu ya bawa na uangalie shina lake. Ndege mla nyama hunyonyoa: shina hutoka zima mpaka ncha, pengine na alama ya kubanwa na mdomo, na manyoya hutapakaa mahali pamoja. Mnyama hutafuna: mashina hukatika, na manyoya hugandamana kwa mate. Hata hivyo shina humtaja aliyekula, si lazima aliyeua, kwa maana mwewe hushukia pia kanga aliyekufa kwa mtego au sumu. Nyama ikiwa imebaki, chunguza chini ya ngozi penye matundu ya kucha. Damu iliyovilia hapo huonyesha kwamba ndege alikamatwa akiwa hai.

Jambo hili limewahi kupimwa kwa makini huko Langholm, Uskoti, kati ya 1992 na 1997. Vipanga wa nyikani walipolindwa waliongezeka, wakala vifaranga vya kwale wekundu wa huko kiasi cha kuwazuia wasiongezeke, hata uwindaji wa kwale hao ukasimama. Kwa hiyo anayesema kwamba ndege wala nyama hawana athari yoyote hasemi kweli. Lakini uchunguzi uleule ulionyesha kwamba idadi ya vipanga ilifuata wingi wa panya na ndege wadogo wa majanini, na kwamba kwale walikuwa wamekwisha kupungua kwa miaka mingi, kondoo wakimaliza vichaka walivyotegemea.

Kwetu kondoo hao ni ng'ombe, mbuzi na mkaa. Kanga anayetembea mita nyingi za ardhi tupu kufika lamboni ni windo rahisi kwa tai yeyote, kwa hiyo acha ukanda wa miiba na nyasi upande mmoja wa maji, bakiza mabua ya mtama na uwele kando ya shamba, na usifyeke wala kuchoma pembezoni kabla vifaranga havijaweza kuruka. Vichaka hurudi vikipumzishwa: Kondoa, mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), miteremko iliyokuwa imebaki udongo mtupu iliota tena nyasi na miti.

Usitege sumu kwa hali yoyote. Itaua tumbusi na mbwa wa jirani kabla ya kumfikia tai uliyemkusudia, na ni kosa. Kuwinda kanga wenyewe bila kibali nako kumekatazwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na mitego ya kamba unayoikuta karibu na lambo iandikwe daftarini pamoja na mizoga, kisha daftari hilo lifikishwe kwa afisa wanyamapori wa wilaya.