Jinsi ya kuelewa istilahi za tamthilia bila kukariri (kinaya ndiyo nimeieleza kwa kirefu)

Binti wa shangazi yangu yuko Senior Five (kidato cha tano) hapa Arua, Uganda, anachukua Kiswahili, na nimekaa naye sana kwenye fasihi. Shida yake ni ya wengi: muulize tafsida (kusema jambo zito kwa maneno laini) ni nini, anajibu hapo hapo, ila mpe ukurasa wa tamthilia akuonyeshe ilipo, kimya. Njia tuliyotumia ni hii.

Hatua ya 1: eksasaiz (daftari) yako mwenyewe
Zile noti za PDF zinazozunguka WhatsApp achana nazo, zinakupa maana tu na mifano ya vitabu ambavyo hujawahi kuvishika. Andika istilahi, mfano uliouchomoa wewe kwenye kitabu mnachosoma, na ukurasa. Halafu sisi Uganda vitabu vingine vinatoka Kenya, vingine Tanzania, kwa hiyo utakuta huyu anasema sitiari yule istiari, huyu tashibiha yule tashbihi, huyu mubalagha yule chuku. Ni kitu kile kile, andika yote mawili mstari mmoja usonge mbele.

Hatua ya 2: someni kwa sauti
Wawili watatu, mgawane wahusika. Na maelekezo ya jukwaa, yale ya kwenye mabano, msiyaruke kabisa, maana ndiyo yanakwambia nani ameingia, nani ametoka, nani amejificha.

Hatua ya 3: tamathali za usemi
Tashbihi (kufananisha kwa "kama"), tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu), takriri (kurudia neno) na wenzake mlishamaliza O-level. Twende.

Hatua ya 4: kinaya
Hapa ndipo jioni nzima inaisha. Watu wanaandika "kinaya ni kinyume cha mambo" halafu kila kitu kibaya kinachompata mhusika wanakiita kinaya. Hapana. Mtu akinyeshewa njiani hicho si kinaya, ni mvua tu. Lakini fundi wa makufuli akiibiwa dukani kwa sababu yeye mwenyewe hakufunga mlango, hicho ni kinaya cha hali, maana kilichotokea kinapingana na kile hasa tulichomtegemea yeye.

Kinaya cha maneno ni kusema kitu ukimaanisha kinyume chake: mtoto karudi shule yunifomu imejaa tope, mama anamwambia "leo umependeza kweli." Sasa je, hiyo ni kejeli? Kama anamuumiza au anamdharau, ndiyo, ni kejeli iliyopita kwenye mlango wa kinaya. Kama anacheka naye, ni kinaya peke yake. Na kejeli inaweza kuja bila kinaya, ukimwambia mtu waziwazi kwamba hana akili umemkejeli lakini hujageuza maana yoyote. Kwa hiyo usiandike "kinaya/kejeli" na mkwaju katikati ukitegemea msahihishaji achague, chagua wewe na useme kwa nini.

Kinaya cha kidrama ndicho kitamu kuliko vyote. Jiulize: nani anajua, nani hajui? Chukua Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka 1969. Mahakamani Portia amevaa kiume, anajifanya mwanasheria. Bassanio mumewe yuko pale pale na hamtambui, anamwambia rafiki yake Antonio, ambaye kesi hiyo inaweza kumuua, kwamba angekubali kumtoa hata mke wake ili huyo rafiki apone, na huyo "mwanasheria" anajibu kwamba mkeo angekuwepo asingekushukuru. Sisi tunajua, Bassanio hajui, ndiyo maana watu wanacheka. Ila angalia: kama na sisi hatujui na tunasubiri kuona itakuwaje, hiyo ni taharuki, usizichanganye.

Ukijibu swali, taja anayejua, asiyejua, na maneno yenyewe. Bila hayo matatu jibu linaning'inia.

Hatua ya 5: nani anasikia?
Mhusika akiongea peke yake steji ni uzungumzi nafsia. Akiongea kirefu na wengine wanasikia ni monolojia. Akiibia sentensi kwa hadhira huku wenzake wapo ila hawasikii, ni kando. Mtego uko kwenye Juliasi Kaizari, tamthilia nyingine ya Shakespeare: Antony, rafiki wa Kaizari, akibaki na maiti ya Kaizari anaongea nayo, na binti yetu akabisha kwamba si nafsia maana wako wawili. Maiti haisikii dada, ni nafsia. Ile hotuba ya mazishi mbele ya umati ndiyo monolojia, na pale anaporudia rudia kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, ni mtu wa heshima, rudi hatua ya 4 useme ni kinaya kipi.

Hatua ya 6: tanzia na komedia
Usiangalie vicheko vya katikati, angalia mwisho unampeleka wapi mhusika mkuu: kwenye maafa ni tanzia, kwenye furaha ni komedia. Dhamira na maudhui ziacheni mpaka mmemaliza kitabu chote, ukianza nazo ukurasa wa kumi utakuwa unabahatisha tu.