Plazima yenye chembe sahani kwa goti la ndama lililooza usaha

Plazima yenye chembe sahani (majimaji ya damu yaliyojaa chembe zinazogandisha damu) si mbadala wa kusafisha kiungo. Daktari wa mifugo amlaze ndama kwa dawa, anyoe goti, apake klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), achome sindano mbili nene (za geji 14) pande tofauti, kisha apitishe lita 1 au zaidi ya Ringer laktati tasa (maji ya chumvi yasiyo na vijidudu) hadi yatoke maangavu. Yakikwama, ni mabonge ya faibrini (protini iliyoganda). Hapo goti lifunguliwe. Antibiotiki ziendelee.

Maambukizi yakidhibitiwa, chota damu ya ndama huyohuyo: sehemu 9 kwa 1 ya sodiamu sitreti, inayozuia damu kuganda. Zungusha kwenye mashine taratibu, hamisha plazima, zungusha tena kwa kasi zaidi. Mwaga ya juu. Chembe zilizotuama zichanganye na iliyobaki. Usitikise, zitaamka mapema na kugandisha. Dunga gotini siku hiyohiyo.