Watu Watano, Mdomo Mmoja: Kwa Wenzangu Mnaotaka Kununua Biashara Nyumbani

Wenzangu mlioko Uingereza, Oman, Kanada na kwengineko, ukitaka kuingia ubia kwenye biashara ya mtu nyumbani Zanzibar, usihesabu wanaomsifu. Hesabu wanaomjua bila ya kuwa na maslahi kwake. Mimi nilihesabu vibaya, pauni 11,000 zikanitoka.

Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi, Chake Chake, Pemba, milango mitatu. Mwenyewe alitaka mshirika wa nusu kwa nusu, jengo likiwemo. Nikaomba karatasi, akanitumia picha ya cheti cha kampuni na leseni. Nikaviulizia vyote viwili, ni vya kweli. Nikamwomba ami yangu anichunguzie. Baada ya wiki akanipigia: "Mwanangu, nimeuliza watu watano, wote wanamsifu. Anaswali safu ya mbele." Nikatuma fedha.

Mambo yalipoharibika nilikwenda Pemba, nikakaa na ami tukawapitia wale watano mmoja mmoja. Mmoja ni fundi wake, mmoja mkwewe, wawili wanakopa saruji kwake, na wa tano alisikia kwa mkwe. Watu watano, mdomo mmoja! Ami hakunidanganya, Mungu amjaalie. Lakini ami zetu na shangazi zetu wanaona haya: kwao kumchunguza mtu ni kumtuhumu, basi wanauliza pale tu ambapo jawabu itakuwa nzuri. Msiwatume peke yao. Tafuteni wakili, jamaa awe wa kumsindikiza.

Ukweli alinipa bibi mmoja anayepika mkate wa kumimina ng'ambo ya duka lile. Nilikaa barazani kwake nikisubiri mlango ufunguliwe. Alifunua kifuniko chenye makaa, akautazama mkate, akasema: "Nyumba ya marehemu hiyo, mwanangu. Watoto saba, na hawajagawana. Mmoja yuko Maskati." Akarudisha kifuniko. Hata hakuniangalia usoni. Mimi miezi saba nilikuwa nabadilishana karatasi kwa simu.

Basi shikeni hili: cheti cha kampuni si cheti cha jengo. Kinakwambia kampuni ipo, hakikwambii kampuni inamiliki nini. Habari za jengo ziko Kamisheni ya Ardhi, na mnajua kwamba tangu Mapinduzi ardhi yetu ni ya serikali. Mtu anauza haki yake ya kuitumia, na uhaulishaji, yaani kuihamisha haki hiyo kwa mtu mwengine, una bodi yake. Ukikuta jina la marehemu, simama hapo hapo. Taka karatasi ya mirathi, kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kisha saini ya kila mrithi, na wa Maskati pia. Kaka mkubwa hana ruhusa ya kuuza fungu la dada zake. Narudia, kwa sababu najua kuna mtu saa hii ameshashika simu atume pesa: cheti cha kampuni si cheti cha jengo.

Mengine ni ya kawaida. Kampuni ya Zanzibar iulizieni BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar, si BRELA, wa Bara. Madeni ya kodi yana milango miwili, ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na TRA, ya Tanzania nzima, kwani kodi ya mapato na forodha ni mambo ya Muungano. Hati ya uwakala, ile unayompa mtu akutilie saini, iwe ya jambo moja tu. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mpitieni.

Nafikiri kwenye kuulizana ndiko tunakolegea. Hapa Leicester nilipokodi nyumba niliulizwa mshahara wangu na mwenye nyumba wa zamani akaandikiwa, wala hakuna aliyenuna. Hilo napenda tulichukue. Lakini Waingereza wanaiamini karatasi kupita kiasi, nasi tumeambukizwa. Daftari lao la makampuni kwa miaka mingi lilipokea majina ya wakurugenzi bila kuhakiki kama ni watu wa kweli, mpaka sheria ya 2023 ilipobadilisha. Na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, miaka tisa, hajui nina watoto wangapi. Kwao bibi wa mkate hayupo. Kwetu yupo, na sikumuuliza.

Jambo langu bado liko kwa wazee. Warithi wanne wamekubali nirejeshewe kidogo kidogo kutoka kodi ya milango miwili. Wa Maskati hajapokea simu.