Gati la kuelea la mapipa: namna ya kulijenga kwenye bwawa lako

Kwa mapipa sita ya plastiki, mbao za paini, bolti na kamba, fundi mmoja na wasaidizi wawili wanaweza kujenga gati la kuelea kwenye bwawa la samaki au lambo la shambani. Hapa naeleza gati la futi 12 kwa 8. Nimechagua saizi hiyo kwa sababu mbao zetu nyingi huuzwa kwa urefu wa futi 12, hivyo mabaki ni machache. Wateja wengi huuliza kama litazama. Kuzama ni nadra. Cha kuogopa ni kupinduka, na karibu kila kipimo hapa chini kimewekwa kwa ajili hiyo.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua

Pipa la lita 200 likizamishwa lote linainua takriban kilo 200, maana lita ya maji ina uzito wa kilo moja. Mapipa sita ni kilo 1,200. Mbao za gati hili zikiwa kavu ni kama kilo 250. Zikishakunywa maji zihesabie 300. Ongeza mapipa yenyewe, kilo 50 na ushee. Gati tupu basi lina kilo 350, chini ya theluthi ya uwezo wake. Wapandishe watu wazima wanne, kilo 320 hivi, na jumla haijafika 700. Mpaka hapo mambo ni shwari.

Sasa wote wanne waende ukingo mmoja kuangalia samaki, na hilo watalifanya tu. Safu ya mapipa matatu ya upande huo inabeba nusu ya uzito wa gati pamoja na watu wote. Na kwa kuwa wamesimama nje kidogo ya safu, mzigo unafika kama kilo 540 kati ya 600. Gati litainama na maji yatakaribia ubao, ila litakaa. Mapipa hayohayo ukiyasogeza katikati, safu mbili zikiachana sentimita 80 tu, watu walewale wataogelea. Kwa hiyo mapipa yakae kingoni, na gati lisiwe jembamba. Anayekuambia upana wa futi 4 unatosha, apande yeye kwanza.

Hatua ya 2: Mapipa

Chukua ya plastiki, yale ya bluu yenye vizibo viwili vidogo juu. Yenye mfuniko mpana unaobanwa kwa pete ya chuma hayafai, yatavuja. Ya chuma yataoza kwa kutu. Uliza yalibeba nini: juisi au mafuta ya kula ni sawa baada ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Yaliyobeba viuatilifu usiyakaribishe kwenye maji yenye samaki, hata ukipewa bure.

Kuziba kuna wakati wake. Zungushia nyuzi za kizibo tepu nyeupe ya mabomba, hakikisha mpira wake ni mzima, kisha kaza asubuhi hewa ikiwa bado baridi. Ukiziba mchana pipa likiwa la moto, hewa ya ndani itasinyaa likifika majini na pipa litabonyea. La asubuhi likianikwa juani hutuna kidogo, na hapo ndipo pa kulipima: paka povu la sabuni kuzunguka kizibo na ukodoe macho. Vipovu vidogo vikianza kuchomoza mfululizo sehemu moja, fungua, badilisha mpira, rudia. Pipa linalovuja ni rahisi kulishughulikia nchi kavu kuliko likiwa chini ya sakafu.

Hatua ya 3: Fremu

Paini iliyotiwa dawa, ile ya rangi ya kijani kutoka Mafinga na Sao Hill, inatosha. Mninga ni mzuri zaidi, ila bei yake inafaa kitanda kuliko gati. Kumbuka dawa hiyo mara nyingi ina aseniki: vaa barakoa unapokata, unga wa mbao usiingie bwawani, na vipande visiende jikoni kuwa kuni.

Kata mbao nne za inchi 2x6 za futi 12, uzisimamishe kwa ubavu, mbili kila upande. Jozi moja iachane sentimita 40 kamili. Pipa lina kipenyo cha sentimita 58 hivi, kwa hiyo halipiti. Linajibana kati ya mbao na kupanda kama sentimita 8, huku ubao una kimo cha 15, hivyo haligusi sakafu. Maji yenyewe yanalisukuma pipa juu kwenye makao yake. Mikanda unayofunga ni ya kulizuia lisichomoke upepo unapotikisa, haibebi uzito.

Kila pipa lipate kipande cha 2x6 mbele na nyuma, kilichofungwa kati ya mbao mbili, ili lisiteleze. Pipa lilale vizibo vikiwa kushoto na kulia, si kimoja juu na kingine chini, maana kilicho chini kitaishi ndani ya maji. Juu ya mbao ndefu laza 2x4 nane za futi 8, kila baada ya sentimita 50, zikiwa zimesimama kwa ubavu. Viungo vikuu vifungwe kwa bolti za zinki zenye washa pana (vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya nati). Misumari peke yake haifai, kwa sababu gati linacheza usiku na mchana na misumari hung'oka polepole.

Hatua ya 4: Kuingiza majini

Funga mapipa fremu ikiwa imepinduliwa, tena hapohapo ukingoni. Ukimaliza, igeuze na uisukume majini kabla ya kupiga sakafu. Utakuwa umejipunguzia karibu nusu ya uzito wa mbao. Sakafu ya mbao za inchi moja ipigwe kwa skrubu gati likielea. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya unene wa msumari wa inchi 4, maji yapite.

Hatua ya 5: Nanga na daraja

Chagua mahali ambapo hata mwisho wa kiangazi kina hakipungui mita moja, mbali na njia ya kutolea maji ya ziada. Usichimbie nguzo kwenye tuta la lambo. Shimo moja tu laweza kuwa mwanzo wa kuvuja.

Nanga ni ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege, na kitanzi cha nondo ya milimita 12 kikichomoza juu. Nchi kavu ina kama kilo 48, lakini majini inabaki na 28 tu, ndiyo maana ndoo moja haitoshi. Weka mbili kwenye pembe za nje, na kamba zake zipishane chini ya gati: ya pembe ya kushoto iende kulia, ya kulia iende kushoto. Zikienda moja kwa moja gati litayumba ovyo. Urefu wa kamba uwe mara tatu ya kina cha masika.

Daraja la futi 12 lifungwe kwa bawaba kwenye msingi wa zege nchi kavu, na upande wa gati lilale huru juu ya kipande cha bomba ili liteleze maji yakipanda na kushuka. Maji yakishuka mita moja utashuka mteremko wa kawaida. Yakishuka mbili, mzee hatapita. Huko Dodoma na Singida ambako malambo hukauka sana, fikiria daraja refu zaidi. Uzito wa daraja unaelemea upande mmoja, hivyo ongeza pipa la saba katikati ya upande huo.

Baada ya mwezi wa kwanza kaza bolti zote, kwa kuwa mbao zitakuwa zimevimba na kusinyaa. Kila masika yanapokaribia, vuta kamba za nanga uone pale zinaposuguana na mbao; zinaanza kukatikia hapo.