Kutumia fonti nene ya mviringo yenye sura ya chapa iliyochakaa

Fonti ya aina hii ni ya maneno machache yanayosomwa kwa mbali: kichwa cha bango, jina la bidhaa, maandishi ya kifuani kwenye fulana. Maelezo mengine yote yaandike kwa fonti nyembamba isiyo na mapambo.

Anza na saizi kabla ya kugusa rangi. Mikwaruzo imechorwa ndani ya herufi, kwa hiyo hukua na kupungua pamoja nayo. Doa (tundu lisilo na wino) la milimita 0.6 kwenye herufi ya pointi 300 litakuwa la milimita 0.2 ukishuka hadi pointi 100. Kwenye karatasi laini huenda likaonekana. Kwenye kitambaa wino utaliziba. Chapisha neno kwa saizi yake halisi, libandike ukutani, ulitazame kwa umbali wa msomaji. Uchakavu ukionekana kama printa imeishiwa wino, kuza herufi au tumia toleo safi la fonti hiyohiyo.

Kinachoumbua kazi nyingi ni herufi zinazojirudia, na Kiswahili kimejaa irabu. Andika BARABARA: A zote nne zina kovu lilelile mahali palepale, na jicho hulinasa mara moja. Fonti nyingi za namna hii huweka kovu tofauti kwenye herufi ndogo, ingawa umbo ni la herufi kubwa, basi jaribu BaRAbarA. Kama hakuna, fungua orodha ya herufi mbadala kwenye programu. Ikishindikana, geuza neno liwe mchoro, zungusha O nusu duara, na kwa A futa vipande vidogo kwa mkono, kila moja mahali pake.

Nafasi kati ya herufi ipunguze kwa 10 hadi 20 (sehemu za elfu za em, yaani za saizi ya fonti), kisha rekebisha kwa macho jozi kama TA na AV. Zisigusane, maana wino hutanuka. Usibonyeze kitufe cha kukoleza wala kuongeza mstari wa pembeni: vyote viwili huziba mashimo uliyoyalipia.

Herufi nyeupe kwenye mandhari meusi zina tabia ya kinyume. Hapo wino hutanuka kuelekea ndani ya herufi, madoa yananenepa, na neno linatoka limechakaa kuliko ulivyoliona kwenye skrini. Chagua toleo lenye mikwaruzo michache.

Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, hifadhi nakala inayoweza kuhaririwa, kisha geuza maandishi ya nakala nyingine yawe vekta, yaani maumbo yasiyohitaji fonti. Faili litakuwa zito, kwa sababu kila doa lina nukta zake za kulichora. Ukilazimika kutoa picha, iwe ya rangi moja tupu, nukta 600 kwa inchi au zaidi. Kwa stika zinazokatwa kwa mashine tumia toleo safi tu. La sivyo kila doa linakuwa kipande cha kubandua kwa kibanio.