Jinsi ya kutunga msako wa mchezo wa mezani kwa safu nne na dadu moja

Mwongozaji wa mchezo, yaani anayesimulia kisa ambacho wachezaji huigiza wahusika wake, akikaa kutunga msako (kazi watakayopewa) mbele ya karatasi tupu, mara nyingi huanza na joka au hazina. Msako wa namna hiyo huishiwa pumzi mapema, kwa sababu hazina haimwombi mtu msaada na joka hana shida na wachezaji. Mwenye shida ni mtu. Anza na yeye, ndipo utafute anataka nini, kiko wapi, na kwa nini hakifuati mwenyewe. Ukishayapata hayo manne, msako umesimama. Joka anaweza kuja baadaye, au asije kabisa.

Chora safu nne zenye mistari sita kila moja. Dadu ya kawaida ya pande sita inatosha, hata ile ya ludo. Ukiirusha mara nne unachagua mchanganyiko mmoja kati ya 1,296. Mfano huu ni wa mji wa kubuni wa pwani, enzi za majahazi na masultani, ambako majini ni majirani wa kawaida:

Mwenye shida: 1 mjane wa nahodha; 2 kadhi mzee; 3 mtoto wa sultani aliyefichwa; 4 fundi wa majahazi mwenye deni; 5 mganga ambaye dawa zake hazifanyi kazi tena; 6 jini aliyechoka kutumwa.

Anachotaka: 1 siwa ya kutawazia, 2 ndugu aliyetoweka, 3 hati ya shamba, 4 mti wa dawa, 5 kaburi lihamishwe, 6 jina fulani lisitajwe tena mjini.

Mahali: 1 pango linalofunikwa na maji, 2 magofu ya msikiti msituni, 3 jahazi lililokwama mwambani, 4 soko la usiku la majini, 5 kisiwa cha wakimbizi, 6 ghala la forodha.

Kizuizi: 1 mlinzi mwenye haki yake, 2 kundi jingine limetangulia, 3 kiapo cha zamani, 4 kitu kimegawanywa vipande, 5 kitu kina mmiliki mpya anayekitumia kwa wema, 6 msaidizi pekee ni adui wa wachezaji.

Unapoandika mistari yako, usiandike “upanga wa kichawi”. Hauna mahali pa kushika. Andika “upanga ambao kila anayeushika husahau jina la mama yake”, na mezani wataanza kubishana nani aubebe kabla hata hujamaliza kusoma.

Tuseme dadu imetoa 4, 1, 1, 5: fundi wa majahazi, siwa, pango, mmiliki mwema. Mwanzoni haviendani, na hapo ndipo penye faida, maana utalazimika kuviunganisha. Siwa ni baragumu la utawala. Ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ya pembe za ndovu. Fundi ataitakia nini? Anayemdai ni mwana wa ukoo unaogombea kiti, naye ameahidi kufuta deni siwa ikipatikana kabla ya siku ya kutawazwa. Na mmiliki mpya? Jini wa pangoni, anayeipuliza usiku wa ukungu ili wavuvi wasigonge mwamba. Siwa ikiondoka, fundi anapona na wavuvi wanakufa. Sasa wachezaji wana jambo la kuamua, si la kupiga tu.

Kabla hujaendelea, jibu maswali matatu. Kwa nini mwenye shida haendi mwenyewe? Nani ataumia kazi ikifanikiwa? Na wachezaji wasipofanya lolote, keshokutwa kutatokea nini? Swali la tatu ndilo hurukwa zaidi, na ndilo linaloupa msako saa yake. Katika mfano huu saa hiyo ipo bure: bamvua. Bahari hujaa na kupwa sana siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwenye pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Amua kwamba pango huingilika siku nne tu za bamvua, kwa muda wa saa mbili kila maji yanapopwa. Atakayechelewa kutoka anaogelea gizani.

Ukihitaji adui asiyeshindika kwa nguvu, mwangalie Fumo Liyongo. Masimulizi yanasema hakuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilipatikana kupitia mwanawe. Kazi kubwa basi haikuwa kumchoma, ilikuwa kumpata anayejua. Hata alipofungwa, tupa zilimfikia ndani ya mkate wa wishwa, na kelele za ngoma ya gungu zikafunika sauti ya kukata pingu. Mpe adui wako udhaifu mmoja, unaojulikana na mtu mmoja wa karibu yake, na nusu ya msako imejiandika.

Maandalizi yasizidi nusu ukurasa. Kikao cha saa tatu au nne hubeba matukio matatu hadi matano, na pigano moja la watu wanne linaweza kumeza saa nzima. Usiandike mwisho. Ukishauandika utaanza kuwasukuma wachezaji kuuelekea, nao watakugundua.

Kinachovunja vikao vingi ni dokezo moja lililofungiwa nyuma ya dadu, yaani lisilopatikana dadu ikikataa: wakikosa kuona alama ukutani, mchezo umesimama. Kila habari ya lazima iwe na njia tatu. Kwamba siwa iko pangoni wanaweza kuambiwa na mvuvi mlevi, kulisikia baragumu wenyewe usiku, au kuikuta habari hiyo kwenye daftari la fundi.

Kosa jingine ni kumfanya mwenye shida awe msaliti. Mara moja ni utamu. Ukirudia, wachezaji hawatakubali kazi ya mtu yeyote, na watakuwa na haki.

Kwa mambo ya njiani, tumia dadu mbili na ujumlishe. Kati ya matokeo 36, jumla ya 6, 7 au 8 hutokea mara 16, ilhali 12 hutokea mara moja tu. Weka katikati mambo ya kila siku: doria, mvua, wafanyabiashara. Joka mweke 12. Wengi humweka 7 kwa hamu, kisha wanashangaa kwa nini nchi yao imejaa majoka.

Msako ukiisha, futa mistari iliyotumika na uandike matokeo ya waliyofanya wachezaji. Kama siwa iliondoka, mstari wa 4 wa mwenye shida sasa ni “kijiji cha wavuvi wanaozika watu wao”, na mstari wa 5 wa kizuizi ni jini yule yule, akiwa na kinyongo.